Nani Atatembea Kando ya Mto?

Katika semina zetu za haki na amani tumezoea kuzungumzia ardhi, mishahara, uchaguzi na bei ya unga. Ni mara chache mtu husimama akaulizia haki ya kutembea. Akithubutu kuiuliza, hasa akitaja matembezi ya Jumamosi kando ya mto, wenzake huguna na kutazamana, kana kwamba ameleta anasa ya watu wenye nafasi katikati ya shida za watu wasio na kitu. Makala haya yanashikilia kwamba mwuliza swali huyo hakukosea kikao. Ukitaka kujua mji ni wa nani, tazama ni nani awezaye kufika ukingoni mwa mto wake, akatembea pale saa mbili bila kufukuzwa wala kuporwa, kisha akarudi nyumbani kwa nauli asiyoijutia.

Tuchukue mfano wa Nairobi, mji ambao hata jina lake limetoka kwenye maji. Wamaasai walipaita mahali hapa kwa jina la maji baridi, na maji hayo bado yapo. Mto Nairobi wenyewe huanzia katika kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu. Hushuka kupitia Dagoretti na Kawangware, hupita Chiromo na chini ya Museum Hill, huingia Gikomba, kisha hushika njia ya mashariki hadi Korogocho na Dandora. Kaskazini yake upo Mto Mathare, kusini upo Mto Ngong unaopitia Kibera na Mukuru. Yote hukutana na kumwaga maji katika Mto Athi, ambao huteremka hadi Bahari ya Hindi karibu na Malindi, ukiwa umekwisha kubadilishwa jina na kuitwa Galana, kisha Sabaki. Kwa hiyo mkazi wa Dandora na mkazi wa Kileleshwa wanaishi kando ya mfumo mmoja wa maji. Mmoja huufahamu mto kwa harufu, mwingine kwa miti mirefu inayoonekana nyuma ya ua. Wote wawili, kwa sababu zisizofanana, ni nadra kutembea kando yake.

Walakini mahali pa kutembea papo, na panapojulikana zaidi ni Msitu wa Karura. Msitu huu wa hekta zipatazo 1,000 ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932. Ndani yake hupita mito midogo, miongoni mwayo Ruaka, Karura na Gitathuru, na njia za miguu huandamana nayo kwa mwendo mrefu. Zipo sehemu ambapo mtembezi husikia maji kabla ya kuyaona, na lipo poromoko ambalo watoto hulisimamia mbele wakinyamaza wenyewe bila kuambiwa. Karibu na hapo pana mapango ambayo husemwa wapiganaji wa Mau Mau waliyatumia kujificha.

Si vema kuutembelea msitu huu bila kukumbuka jinsi ulivyobaki kuwa msitu. Katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa kimyakimya kwa wajenzi binafsi. Oktoba 1998 Profesa Wangari Maathai na wenzake waliingia humo kupanda miche mahali palipokwisha kukatwa miti. Tarehe 8 Januari 1999, walipokwenda tena, walishambuliwa na watu waliokuwa na marungu na silaha nyingine, naye Maathai akapigwa kichwani. Alipofika polisi kuandikisha shitaka lake, alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana, viongozi wa dini wakapaza sauti, na Agosti mwaka huohuo serikali ikatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2004 Maathai alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Wako walioshangaa wakati ule: miti na amani vinahusiana nini? Watu wa Karura hawakushangaa.

Hata baada ya ushindi huo, msitu ulibaki kwa miaka mingine mahali pa kuogopwa, penye majambazi na habari za maiti kutupwa. Uliokolewa mara ya pili kwa njia isiyo na vishindo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliruhusu vyama vya jamii kushirikiana na serikali katika kutunza misitu. Majirani wa Karura wakaunda chama chao, uzio wa umeme ukajengwa, na vijana kutoka mtaa maskini wa Huruma, ule uliopakana na msitu, wakafundishwa kazi ya ulinzi. Leo mwanamke aweza kukimbia mazoezi humo peke yake asubuhi. Mwenye kuujua msitu huo wa zamani hawezi kulichukulia jambo hilo kuwa dogo.

Sasa tufikie matatu.

Magari ya Ruaka, Banana na Limuru hupita mbele ya lango lililo Barabara ya Limuru. Magari ya Kiambu hupita upande wa pili, Barabara ya Kiambu, ambako pia kuna lango. Abiria amwambie kondakta mapema, maana si kila dereva hupenda kusimama hapo. Baada ya kushuka, mpanda matatu ana faida moja ambayo sijaisikia ikisifiwa vya kutosha. Mwenye gari dogo analiegesha langoni, na kwa hiyo lazima azunguke arudi palepale. Gari lake limemfunga kamba kama mbuzi wa malisho. Aliyekuja kwa matatu hana kamba. Aweza kuingia kwa lango la Limuru asubuhi, akafuata mto kuelekea mashariki, akala chakula chake chini ya mti, akatokea Barabara ya Kiambu alasiri na kupanda gari lingine la kumrudisha mjini. Ameuvuka msitu mzima, wala hakupita mahali pamoja mara mbili. Kwa matembezi ya kufuata maji, ambayo kwa asili yake huanza mahali pamoja na kuishia pengine, usafiri wa umma haukustahili kuitwa njia ya mnyonge. Ndiyo njia inayofaa kuliko zote.

Hata hivyo tusijidanganye juu ya gharama. Watu wengi hulalamikia ada ya langoni, na kweli malalamiko hayo yana msingi: mwaka 2025 ulizuka mzozo mkubwa juu ya nani apokee fedha za Karura na kwa mtambo gani, jambo linalowahusu wananchi wote kwa kuwa fedha hizo ndizo zilizowalipa walinzi na kutengeneza njia. Lakini hebu tufanye hesabu ya jamaa moja kutoka Dandora, baba, mama na watoto watatu. Kwa miaka mingi raia mtu mzima alilipa kama shilingi 100 na mtoto nusu yake. Jumla yao langoni ni shilingi 350. Nauli je? Hakuna gari la kutoka Dandora moja kwa moja hadi Karura, kwa maana magari ya Nairobi karibu yote huelekea katikati ya mji kama njuti za gurudumu. Kwa hiyo ni magari mawili kwenda na mawili kurudi. Tuseme kila safari moja ni shilingi 60 kwa kila kichwa, nasi twajua kwamba mvua ikinyesha au sikukuu ikifika bei hiyo hupanda. Watu watano mara safari nne mara shilingi 60 ni shilingi 1,200. Hata mtoto mdogo akipakatwa, bado nauli ni karibu mara tatu ya ada. Kizuizi kikubwa kiko barabarani, kabla hata ya kulifikia lango.

Ndiyo sababu sikubaliani na wale wanaosema kwamba, kwa kuwa Karura imeokolewa, mji wa Nairobi umekwisha pata mahali pake pa kutembea. Karura ni hazina, na iko upande wa mji ambao tayari una miti. Yapo maeneo mengine ya namna hiyo: bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907 karibu na Ikulu, njia ya Oloolua huko Karen, inayofuata Mto Mbagathi. Tazama ramani, ndugu msomaji. Yote yako kaskazini na magharibi. Huko mashariki, ambako mito yote hukusanyika na ambako watu ni wengi zaidi, mtembezi hana njia ila ile iliyokanyagwa na wachota maji, wafuga nguruwe na watoto wanaookota chupa.

Kuna mahali pamoja panapoonyesha kwamba mambo yaweza kuwa vingine, napo ni padogo. Ni bustani iliyo kando ya Mto Nairobi karibu na mzunguko wa Globe, chini ya Museum Hill. Ilikuwa jalala na maficho ya wakabaji. Hayati John Michuki, alipokuwa Waziri wa Mazingira tangu mwaka 2008 hadi kufa kwake mwaka 2012, aliisimamia ikasafishwa, takataka zikaondolewa, miti ikapandwa, na leo yaitwa kwa jina lake. Ajabu ni kwamba mtu huyuhuyu ndiye aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi wakati sheria za matatu za mwaka 2003 zilipotungwa, zilizoleta mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano. Watu bado huziita Sheria za Michuki. Kazi hizo mbili hazikuunganishwa wakati ule, na sidhani kama yeye mwenyewe alikusudia. Lakini zimekutana. Bustani hiyo iko hatua chache kutoka Ngara na vituo vya magari ya kaskazini. Kwa kuwa matatu zote huishia katikati ya mji, mkazi wa Dandora, wa Kangemi na wa Githurai hulipa nauli ya gari moja tu kufika hapo. Mahali pa haki pa kuanzia njia ya mto ni palepale ambapo safari za watu wote hukutana. Kinachokosekana ni njia yenyewe. Ukitoka katika bustani ukataka kuufuata mto kuelekea Gikomba, baada ya muda mfupi unakutana na kuta, vibanda, maji taka, na mwisho unapanda juu barabarani kwa kukata tamaa.

Hapa ndipo tunapoingia katika jambo zito.

Sheria zetu zimekuwa na masharti juu ya ukingo wa mto kwa miaka mingi. Kanuni za maji za mwaka 2007 zilitaja ukanda usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande, ambamo haikuruhusiwa kujenga. Idara mbalimbali zimetumia vipimo visivyolingana, na katika mkanganyiko huo wenye mawakili wazuri walijua kupima kwa futi zao. Mwaka 2018 serikali ilibomoa majengo makubwa yaliyosimama juu ya mito, miongoni mwayo jengo la maduka la Westlands na lingine la barabara ya Lang'ata. Wengi tulishangilia, kwa kuwa safari ile tingatinga halikuanza kwa maskini.

Furaha hiyo haikudumu. Mvua za Machi hadi Mei 2024 zilileta mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 200 nchini, na huko Mathare na Mukuru mto uliingia vitandani usiku. Serikali iliamuru watu waondoke umbali wa mita 30, kisha ikabomoa. Kila jamaa iliyoondolewa iliahidiwa shilingi 10,000. Mtu aliyewahi kuhama nyumba Nairobi anajua fedha hizo zinafika wapi: kodi ya mwezi, rehani ya mwezi, mkokoteni wa kubebea vitanda, basi. Watu walilala mashuleni na makanisani, wengine walirudi kwenye vifusi vyao kwa kukosa pengine. Mwaka 2025 ulizinduliwa mpango mkubwa wa kuufufua mto, na vijana wengi wakaajiriwa kusafisha kingo.

Sisemi kwamba watu waachwe walale mahali ambapo maji yatawachukua. Mtoto aliyesombwa na mto hana faida na hotuba zetu juu ya haki ya makazi. Ninachouliza ni hiki: ukingo ulioachwa wazi kwa machozi ya watu hao utakuwa wa nani? Ukiacha uwe wazi bila mpango, utajaa takataka tena kabla ya mvua ya pili. Ukijengewa ukuta kwa ajili ya usalama, mto utakuwa mfereji. Ukiachiwa wenye viwanja vya nyuma waupande majani mazuri na kuweka mlinzi, basi maskini aliondolewa ili tajiri apate upepo. Jibu la nne ni njia ya umma, pana ya kutosha mikokoteni miwili kupishana, inayotembeka tangu kituo kimoja cha matatu hadi kingine, na ambayo watu walioondolewa ndio wa kwanza kuajiriwa kuijenga, kuilinda na kuuza chai kando yake. Kwa waliopoteza nyumba hayo si malipo kamili. Malipo kamili ni nyumba. Lakini angalau ni hakika ya kwamba hawakuondolewa bure.

Watu wengi hudhani kwamba, kwa kuwa sheria inakataza kujenga karibu na mto, basi tayari inamruhusu mwananchi kupita hapo. Sivyo. Katiba ya mwaka 2010 inaihesabu mito kuwa ardhi ya umma, lakini ukanda wa pembeni mara nyingi umo ndani ya hati ya mtu binafsi. Sheria inamzuia asijenge, haimlazimishi akufungulie lango. Ndiyo maana ubomoaji hauzai njia wenyewe. Njia huzaliwa kwa kuombwa na kuandikwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inatambua njia za haki ya umma, na mojawapo ni njia ya jamii, ambayo serikali ya kaunti, chama au kundi la watu laweza kuiombea kwa Tume ya Taifa ya Ardhi. Sijui ni jumuiya ngapi zimewahi kuisoma sehemu hiyo. Ni chombo kilichowekwa mezani, nasi tunakizunguka tukilalamika kwamba hatuna chombo.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba kutembea kwa ajili ya kutembea ni mambo ya Wazungu, na kwamba mtu anayekwenda kazini kwa miguu kila siku, kilomita sita asubuhi na sita jioni, hahitaji kuambiwa atembee tena siku ya mapumziko. Pingamizi hii ina ukweli nusu. Watu wetu hutembea sana, na hutembea vibaya: pembeni mwa lami bila ubao wa kukanyaga, kati ya bodaboda na mtaro, vumbi likiwaingia. Mtu huyo ndiye hasa anayehitaji mahali ambapo miguu yake si ushahidi wa umaskini wake. Na tusiwasingizie wazee wetu. Walioketi chini ya mikuyu kando ya vijito hivi kabla ya reli kufika hawakuhitaji kufundishwa na mgeni yeyote kwamba sauti ya maji humtuliza mtu. Tena njia ya mto si ya starehe peke yake. Mtoto wa shule wa Korogocho angeitumia Jumatatu kama vile mtembezi angeitumia Jumamosi.

Pingamizi ya pili ni ya usalama, nayo siipuuzi, hasa kwa ajili ya wanawake na wasichana. Nimewasikia akina mama wakisema kwamba njia yenye miti ni mwaliko kwa wabakaji. Lakini Karura ilikuwa hivyo, na bustani ya Globe ilikuwa hivyo. Pote pawili palibadilika pale watu walipokuwa wengi, walinzi walipolipwa, na vichaka vya karibu na njia vilipofyekwa ili mtu aone mbele. Mahali pasipo na watu hapana usalama, na watu hawaji mahali pasipofikika. Kwa hiyo kituo cha matatu karibu na lango, chenye taa na kivuko, ni sehemu ya ulinzi sawasawa na mlinzi mwenyewe. Inasikitisha kwamba katika barabara mpya nyingi abiria hushushwa upande mmoja wa njia nne za magari, na lango liko upande wa pili.

Pingamizi ya tatu husema: safisheni mto kwanza, ndipo mtembee. Mto unaonuka nani atauendea? Hapa naona mambo yamegeuzwa. Mto umeendelea kunuka kwa sababu hakuna anayeuona. Bomba la maji machafu lililoelekezwa mtoni usiku wa manane lina umri mrefu pale ambapo nyuma ya kiwanda hapapiti mtu. Likipita kundi la vijana mia kila Jumamosi, wengine na simu za kupigia picha, mwenye bomba ataanza kufikiri. Twende Ondiri, mahali maji yanapoanzia, ambako ardhi hutikisika chini ya nyayo kwa kuwa majani yameota juu ya maji; kisha siku nyingine tupande magari ya Thika twende Fourteen Falls katika Mto Athi, tuone povu lililoletwa na maji hayohayo baada ya kupita mjini kwetu. Anayeona ncha hizo mbili katika mwezi mmoja hahitaji kuhubiriwa juu ya mazingira.

Basi nini kifanyike katika parokia? Kamati za haki na amani nyingi hupanga semina ya ukumbini yenye chai na mandazi, nayo ni njema. Napendekeza mara moja kila baada ya miezi mitatu semina hiyo ifanyike kwa miguu. Jumuiya ndogo ndogo zilizo karibu na mto zichague sehemu ya kilomita mbili au tatu, kutoka kituo hadi kituo, na kuitembea zikiwa na daftari. Ziandike mahali njia inapokatika na kinachoikata: ukuta, mtaro, mbwa, jalala, nyumba ya watu. Tofauti kati ya ukuta na nyumba ya watu izingatiwe kwa makini, kwa maana ukuta waweza kuombwa usogee, lakini nyumba ya watu haifai kutajwa kwa ofisi yoyote mpaka wenyewe wamesikilizwa na kukubali. Kamati isiyoweza kulinda siri hiyo isiianze kazi hii kabisa. Tumekwisha ona orodha zilizoandikwa kwa nia njema zikageuka kuwa orodha za tingatinga.

Kundi liondoke asubuhi, kila mtu awe amejilipia nauli au ameilipiwa na mfuko wa jumuiya bila kutangazwa jina. Wazee na walemavu wasiachwe kwa kisingizio cha mwendo. Sehemu ambayo mzee mwenye mkongojo hakuweza kupita ndiyo inayostahili kuandikwa kwanza. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, watu wasivuke mto kwa mawe hata kama jana yake palivukika, kwa sababu mvua iliyonyesha Kikuyu hufika mjini wakati jua linawaka. Safari ya kurudi ianze mapema, kabla ya saa kumi na moja jioni, wakati nauli bado ni ile ya mchana na makondakta hawajaanza kuchagua abiria.

Daftari hilo ndilo litakalobebwa kwenye kikao cha kaunti cha kupokea maoni ya wananchi. Vikao hivyo hutangazwa magazetini kwa maandishi madogo, hufanywa siku ya kazi, mara nyingi asubuhi, na wanaohudhuria huwa ni wale wenye muda, yaani si sisi. Mwenyekiti wa kamati atafute tangazo mapema na jumuiya zimchangie nauli mjumbe mmoja. Mjumbe huyo akipewa dakika tano, asizitumie kueleza umuhimu wa mito kwa ujumla. Ataje kituo cha matatu kwa jina, idadi ya hatua kutoka kituoni hadi ukingoni, na jambo lililowazuia watu wasiendelee. Kisha aombe kwamba sehemu hiyo, na si mto mzima, iandikwe kuwa njia ya jamii, na aulize ni ofisi gani itakayojibu na kwa tarehe ipi. Jibu likija, lisomwe katika jumuiya zote zilizotembea siku ile, hata kama ni la kukataa.